Mbwa Asiyeelewa Kiswahili

Suruali ya Shedrack ilichanwa na Kiswahili. Hivyo ndivyo bweni zima lilivyokubaliana. Alikuwa amefika kwenye tundu la uzio nyuma ya jiko, mguu mmoja ungali shuleni, mwingine tayari uko Makambako mjini, mbwa akatokea. Shedrack, badala ya kutumia akili, akapiga kelele: "Lala!"

Mbwa hakulala. Kilicholala ni heshima ya Shedrack, aliyerudi bwenini kinyumenyume, makalio ameyaziba kwa beseni.

Kosa lilikuwa lake. Mwalimu Idda wa Kiingereza alishatangaza mbele ya shule nzima, siku alipomleta mnyama huyo kutoka Kitulo kwa Mzungu mmoja mtafiti wa maua aliyekuwa akirudi kwao.

"Mbwa huyu haelewi neno hata moja la Kiswahili. Msije mkasema sikuwaambia."

Tangu hapo mbwa aliheshimiwa kuliko kiranja mkuu. Kengele ya shule ni kipande cha reli kilichoning'inizwa juu ya banda lake. Ilipogongwa, watu waliumwa meno. Yeye aliendelea kukoroma.

"Mnaona?" alisema Nahumu, msomi wa bweni. "Malezi ya Kizungu hayo. Hashtuki ovyo."

Bweni likacheka, isipokuwa Elius. Jumamosi ile hakuwa na nafasi ya kucheka. Asubuhi matroni alimpa ujumbe: kaka yake Ezekieli, mwanajeshi, angepita Makambako saa tisa mchana. Basi kutoka Njombe lingesimama stendi ili abiria wapate chakula, kisha moja kwa moja Dar es Salaam, na huko ndege, kwenda kulinda amani katika nchi ya watu. Ezekieli ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Na wanaokwenda kulinda amani, Elius alijua, si wote wanaorudi.

"Si ukaombe ruhusa?" Shedrack alimuuliza huku akishona suruali.

Elius alitikisa kichwa. Ruhusa iliombwa ofisini kwa Kiingereza, bila neno la Kiswahili kuchungulia. Mara ya mwisho alikwenda kuomba aende zahanati kwa sababu ya mafua. Akasema, "I am cold." Akaambiwa avae sweta.

Afadhali mbwa.

Basi wakaketi na kamusi, kwa uzito wa mahakimu. Wakakusanya kila neno la ulinzi: guard, protect, defend, shield, keep. Nahumu akakunja uso.

"Hayo yote yanamwambia alinde zaidi. Ukimwambia 'protect' umempandisha cheo. Tunataka neno la kumzima."

Elius, ambaye muda wote alikuwa akienda dirishani na kurudi, akasimama ghafla. "Madam alitufundisha 'off guard'. Mtu akikutwa hajajiandaa."

"Off!" Shedrack akaruka na sindano yake. "Kama redio! On guard, analinda. Off guard, anazimika!"

Wakastaajabia jinsi Waingereza walivyorahisisha maisha.

Saa tisa ilikuwa ikikaribia. Elius alipita nyuma ya jiko, baridi ikimwingia hadi ndani ya lile sweta aliloamriwa kuvaa. Mbwa akainuka. Nywele za mgongo zikasimama.

"Off guard," Elius alisema kwa sauti ndogo.

Mbwa akaonyesha meno.

"Off guard, please."

Mbwa akasogea. Wakati huohuo, kutoka barabara kuu, honi ya basi ikalia, ndefu, kama ya dereva mwenye haraka. Elius akasahau meno, akasahau suruali, akainua uso na kuunguruma:

"OFF GUARD!"

Mbwa akalala. Akalala chini kabisa, kidevu juu ya miguu, mpole kama mto wa kitandani.

Elius akageuka kutafuta shahidi. Shahidi alikuwepo. Mwalimu Idda alisimama nyuma yake karibu na rundo la kuni, mkono ameunyoosha mbele, kiganja kikitazama ardhi.

"Shikamoo, madam."

"Where are you going, Elius?"

Kwa Kiswahili alikuwa na uongo wa kutosha kulisha bweni. Kwa Kiingereza hakuwa na hata mmoja, ikabidi aseme kweli. Alisema kaka yake ndiye "guardian" wake. Alisema leo anakwenda "to protect" watu wengine, na yeye hajui nani atam-"protect" kaka. Alisema anataka kumwona tu, kidogo, basi linasimama kidogo. Maneno yalisukumana kama ng'ombe kwenye mlango wa zizi, lakini yote yalipita.

Mwalimu Idda alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, kwa Kiswahili:

"Sasa hayo ungeshindwa nini kuja kuyasema ofisini?"

"Kiingereza changu, madam..."

"Kiingereza chako nimekisikia. Haya, kimbia. Urudi kabla ya chakula cha jioni, na kaka yako umpe salamu zangu."

Elius alishaingiza kichwa kwenye tundu. Akakitoa tena. Ushindi kama ule haukufaa kuachwa bila kuandikwa jina la mwenyewe.

"Lakini madam, umeona lakini? Nimesema neno moja tu, akalala!"

"Neno gani, mwanangu?" alisema Mwalimu Idda, akishusha mkono. "Mbwa huyu ni kiziwi."