Mananasi ya Nungunungu

Alikuwepo Nungunungu mmoja, mkulima wa mananasi, ambaye hofu ya Ngedere mwizi ilimnyima usingizi. Jani likitikisika tu, moyo unamruka. Mwishowe akayakata yote yangali mabichi, akayavundika shimoni yaive kama ndizi, akalala juu ya shimo.

Siku ya kuyafukua, Ngedere akatokea. Nungunungu akarudi nyuma kwa hofu. Ngedere akachukua nanasi moja, akaling'ata, akakunja uso, akalirudisha taratibu.

"Mzee, nanasi likishakatwa haliongezi utamu," alisema. "Mimi nilikuwa nangoja yaive shambani, nile nikubakishie nusu."

Akaenda zake. Nungunungu akarudishia udongo, akalala juu yake tena, masikio wima, akilinda mali ambayo hata mwizi ameikataa.