Upupu wa Mke Mwenza

Kuchuma upupu kunataka mtu mwenye wivu wa kweli, na Sada alikuwa nao wa kutosha. Alijifunga matambara mikononi, akajaza kikapu, na bado vinyweleo vikapenya. Alijikuna hadi akatokwa machozi.

Chanzo ni Somoe, mke mwenzake, binti wa Nachingwea aliyeolewa juzi tu na tayari anajua mume wao Likwata anapenda mchuzi wa samaki uwe na nazi kiasi gani. Moyo wa Sada ulikuwa ukiungua. Sasa mume alikuwa amewagawia vipande viwili vya shamba lililochoka, hapo Miteja. Serikali ilishaondoa ruzuku, na mbolea ya dukani Kilwa Masoko haishikiki kwa bei.

"Mavuno ya mwakani ndiyo yataamua, si ya mwaka huu," alisema Likwata. "Atakayemzidi mwenzake kwa mahindi, bonde la mtoni ni lake."

Bonde lile Sada alilitamani tangu ujana wake.

Somoe alikuwa akichambua mchicha. "Mimi Mungu anipe lolote, dada, lisiwe upupu shambani. Nikiuona tu, jembe naweka chini."

Ulimi huponza kichwa. Mvua za kwanza zilipolowesha ardhi, Sada alipita kipande cha mwenzake akirusha mbegu kama anayelisha kuku. Upupu ukatanda. Mwaka ule Somoe hakuvuna kitu. Aliufyeka ulipotoa maua, akauacha uoze palepale. Siku anafyeka, Sada alipika pilau.

Mwaka uliofuata mahindi ya Sada yalisimama membamba, majani ya njano. Ya Somoe yalikuwa ya kijani kinachoelekea weusi, na kila bua limebeba mawili manene.

Bwana shamba alikuja kutazama. Alifukua mche wa upupu uliochipua ukingoni, akawaonyesha vinundu vya mizizini.

"Huu unakula jua," alisema. "Kwa nguvu ya jua hilo, vijidudu vya humu hugeuza hewa kuwa amonia, chakula kilekile cha kwenye mfuko wa mbolea. Nani aliupanda?"

"Uliota wenyewe," alijibu Somoe, akitazama chini.

Likwata akampa bonde palepale. Faraja ya Sada ilikuwa moja: hakuna aliyejua.

Walipobaki wawili, Somoe alimshika mkono.

"Ahsante, dada. Kwetu tunaupanda kila mwaka. Kazi ya kuchuma mbegu tu ndiyo iliyokuwa ikinishinda."