Kibao cha Bi Mwanakheri

Wewe umepata kumwona mtu akienda zahanati na kibao cha kukunia nazi kwapani? Bi Mwanakheri alikwenda nacho kila Jumatano. Daktari alimwambia atembee ili sukari ishuke, naye akatii. Lakini njia nzima ilikuwa malori na mtaro, hakuna mti wala baraza. Basi magoti yakimgomea, alikikunjua kibao kando ya barabara, akaketi, kanga ameikusanya isinaswe na yale meno ya chuma.

"Shoga, leo wakuna nini?" jirani yake Chausiku alimtania Jumatano moja.

"Nakuna vumbi, mwenzangu. Kitoweo lete wewe."

Siku hiyo walikuwapo wapimaji wa barabara, na kamba zao na vigingi. Mkubwa wao, binti mwenye kofia ya njano, aliwauliza watu wanataka nini. Wenye magari walitaka lami pana. Chausiku alitaka matuta. Bi Mwanakheri alibaki kibaoni, akipangusa vumbi kwenye kanga. Mtaa wa juu, ambako kila nyumba ina gari, alikuwa ameviona viti vya saruji chini ya miti, vitupu mchana kutwa. Lakini mtu mzima kuomba kiti, si ataitwa mvivu?

"Na wewe, mama?" binti alimuuliza, kigingi mkononi.

Bi Mwanakheri aliinuka taratibu, akakiacha kibao palepale kwenye vumbi, wazi.

"Hapa, mwanangu," alisema. "Nataka pa kukaa, na kivuli. Nipumzike, nifike."