Kivuli cha Mtathmini

Zamani wanyama walipokuwa na Jumuiya, na Jumuiya ilipokuwa na miradi, Twiga aliwajengea digidigi birika la maji. Alilipima kwa shingo yake mwenyewe.

Kila kiangazi Kobe alitumwa kutathmini kama mradi umewafaa. Kila kiangazi Mama Digidigi alimjibu, "Ni refu mno, hatulifikii." Kobe aliandika hivyo hivyo, akapeleka ripoti makao makuu, akashukuriwa.

Kiangazi kimoja alifika akihema. Birika lilikuwa refu vile vile, ila pembeni yake palikuwa na kibanda kipya cha nyasi.

"Hiki cha nani?" aliuliza.

"Chako, Bwana Kobe. Mafundi wa Twiga wanasema uliandika kwamba jua lilikuchoma."

Kobe akakumbuka. Ulikuwa mstari mmoja tu, mwisho kabisa wa ripoti. Akaingia kivulini kwa aibu, akatoa kalamu.

"Haya, mama. Safari hii niandike nini?"

Mama Digidigi alikuwa amelala na wanawe, midomo imewakauka. Hakuinua hata kichwa.

"Andika kwamba wewe ndiye mwenye kiu."