Kisanduku Kimoja

Mzee Mgaya hakuwa na mke, wala miwani isiyofungwa uzi, wala mtu wa kumngojea atoke darasani. Jioni moja yeye na wanafunzi wenzake wa chuo walijifunza takwimu za mambo yasiyoonekana: jambo lenyewe huchorwa duara, dalili zake zinazopimika huchorwa visanduku. Kwenye kompyuta akachora duara, "Ninavyompenda Tunu", binti yake aliyeacha kumpigia simu, na kisanduku kimoja: "Nilimlipia karo."

Programu ikakataa kukokotoa.

"Mzee, hata mashine imekukatalia posa!" mwanafunzi mwenzake akacheka.

"Dalili moja haitoshi, baba," mwalimu akamwambia. "Ongeza nyingine."

Akatafuta mpaka darasa likabaki tupu. Hakuipata.

Nyumbani akaandika: "Mwanangu Tunu, nimekukumbuka." Akalamba bahasha, akaifunga. Asubuhi akaitumbukiza kwenye sanduku la barua, na mkono wake ukachelewa kutoka.