Koti la Uthmani

Ijumaa ya nne mfululizo nakala za kompyuta zilikwama, na orodha ya akaunti zilizoachwa wazi ikatoa jina lilelile: Uthmani, ofisi ya Muyinga.

Hidaya, mtunza kompyuta za shirika pale Gitega, alitamani kumng'ata mtu. Kazi yenyewe nyepesi. Kila Ijumaa saa sita, watu wakienda kula na kuswali, mashine zote za Gitega na Muyinga zinanakiliwa kwa mpigo mmoja. Sharti ni kila mtu awe amefunga akaunti yake. Mmoja akiiacha wazi, kazi yote inagoma, hata uilaani kwa Kirundi na Kifaransa.

Akipiga simu Muyinga, jibu halibadiliki: Uthmani yupo, ametoka kidogo.

Mkurugenzi, mzee Gervasi, naye akachoka. Alitangaza kwamba Ijumaa ijayo ataisoma orodha kwa macho yake, na atakayekutwa humo abebe virago, awe nani awe.

Basi Hidaya akaapa kumfumania. Ijumaa ilipofika alitia sahihi ya asubuhi, akafungua kompyuta yake, akachepuka bila ruhusa ya mtu, akapanda gari la Muyinga. Kwenye milima ya Karuzi baridi ilimpiga mpaka meno yakagongana, akalijutia shali lake aliloliacha ofisini.

Saa sita kasorobo alikuwa amesimama mbele ya meza ya Uthmani. Kompyuta inawaka, akaunti wazi. Kitini hakuna mtu, koti tu, limevalishwa kiti vizuri hadi kwenye mabega.

“Yuko hapahapa tu,” alisema Zaituni wa meza ya pili, bila kuinua macho. “Ametoka kidogo.”

Hidaya alilipiga koti kofi. Likatoa vumbi. Alipombana Zaituni sawasawa, akaambiwa mwenye koti yuko sokoni mwezi mzima sasa, anauza simu. Loo! Koti linafanya kazi, mtu anakula mshahara.

Akaifunga akaunti ile kwa kidole kimoja, taratibu, kwa raha ya mtu anayemalizia mshikaki. Sasa tuone nani atabeba virago.

Saa sita na dakika tano simu yake ililia. Mkurugenzi. Hidaya akapokea huku anacheka.

“Muyinga safi kabisa,” alisema mzee Gervasi. “Limebaki jina moja, la hapa Gitega. Nimekwenda mpaka kwenye kiti, nimekuta shali. Wenzako wanasema umetoka kidogo.”