Jua la Mzee Faki

Kwenye ghorofa za chini jua halifiki lenyewe. Sheria inamtaka kila anayekaa juu alipokee kwa kioo chake na kumteremshia jirani wa chini. La Bi Mwanakombo lilitoka dirisha la ng'ambo ya kichochoro, kwa Mzee Faki. Hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Asubuhi mzee alikiinamisha kioo, nuru ikaangukia jiko, Bi Mwanakombo akasukuma chapati zake; adhuhuri alikiinua kidogo, ikahamia kwenye kamba ya kanga. Naye alishukuru kwa kukinga kifuniko cha sufuria, akikiinamisha mpaka mng'ao urudi na kucheza darini kwa mzee. Tangu afiwe na mume, hakuwa na mwingine wa kusalimiana naye.

Idi ilipofika akampelekea sahani ya vitumbua. Mlango ukafunguliwa na binti wa mzee.

"Baba alitutoka kabla ya masika, mama. Hukupata habari?"

"Mbona jua linakuja, mwanangu? Juzi nina homa, likanifuata mpaka kitandani."

"Ni kioo hicho. Kilijifunza kwake, sasa kinajigeuza chenyewe."

Alitoa pole, akaacha sahani, akarudi kwake. Kifuniko akakirudisha juu ya sufuria, kisha akajikunyata nyuma ya kabati, mahali ambapo nuru haikuwahi kufika.

Jua likatambaa ukutani polepole. Likapita jiko, likapita kamba, likamtafuta. Lilipompata likatulia mapajani, likingoja kuitikiwa.